Chanya

"Mraba wa namba halisi yoyote ni chanya." Sentensi hiyo ni kweli Lubumbashi, lakini Dar es Salaam si kweli. Chanzo ni sifuri. Huku kwetu Lubumbashi hesabu za sekondari husomwa kwa Kifaransa, na kwa desturi ya Ufaransa na Ubelgiji, iliyotiwa nguvu na vitabu vya kundi la Bourbaki lililoanza miaka ya 1930, sifuri ni chanya, na ni hasi pia. Tanzania na Kenya zilifuata Waingereza: sifuri si chanya wala si hasi.

Sasa tuseme walimu wa pande zote wanatunza kitabu kimoja cha fasili. Mmoja akirekebisha fasili ya chanya ili ijumuishe sifuri, kurasa za mbele zinaharibika kimyakimya. "Kila namba chanya ina vipeuo viwili vya pili" inageuka uongo, maana sifuri ina kimoja tu. Inabidi kufuatilia kila uthibitisho unaoegemea neno hilo, kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeisifu.

Mimi ningeandika "kubwa kuliko sifuri", urefu wake niuvumilie. Wengine hupendelea "isiyo hasi" ili sifuri iingie. Lubumbashi, neno hilo linaitoa nje.