Mtu Mmoja na Baiskeli Yake

Wako wasemao kuwa sinema isiyo na vita wala mbio za magari si sinema. Mimi naona kinyume. Filamu zinazodumu ni zile zinazomfuata mtu mmoja mpaka tukamjua kama jirani.

Tuchukue Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, iliyotoka mwaka 1948. Italia ilikuwa imetoka vitani na kazi zilikuwa adimu. Mjini Roma, Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani; mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Baba na mwanawe wanaitafuta mitaani, hadi baba naye anajaribu kuiba, na mtoto anamwona.

Tajiri wa filamu wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha iwapo Cary Grant angekuwa Antonio. De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Hakukosea, kwani uchovu ule hauigizwi. Lakini kazi ya filamu ilipokwisha, Maggiorani alirudi kiwandani, na baadaye akapunguzwa kazi.

Dunia ilimlilia Antonio. Lamberto alibaki kutafuta riziki. Filamu ya namna hii hutufunza kumtazama mtu mmoja kwa makini. Kumtazama vivyo hivyo aliye nje ya ukumbi ni wajibu wetu sisi watazamaji.