Mtoto Hatulii: Historia Fupi ya Njaa Darasani

Huku Kiwanjani, mwalimu akisema mtoto “hatulii”, mtaa una majibu tayari. Kuna wa kusema ni majini, kuna wa kusema ni sukari, na kuna yule mzee wa kila baraza anayeamini kiboko kimepungua siku hizi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: kwani huyu mtoto amekula nini leo asubuhi? Na ilhali swali hilo limeulizwa Kenya hii kwa karibu miaka 100, tena mara nyingine ng'ambo tu ya mlima kutoka kwetu.

Tuanze na wakoloni, manake wao walipenda kupima watu. Mwaka wa 1931, John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa FAO, alichapisha ripoti pamoja na John Gilks, daktari mkuu wa serikali ya Kenya. Walilinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Mwanaume wa Kimaasai, walisema, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa kama inchi 5 na ratili 23, na sababu waliyotoa ni nyama, maziwa na damu dhidi ya mahindi, mtama na viazi. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia ripoti hiyo mnamo 1997 akaonyesha mashimo yake. Wanawake wa Kikuyu, kwa mfano, walikuwa wakila mboga za majani ambazo wanaume hawakuzigusa, na hali yao ilikuwa afadhali. Wakoloni waliwaona wanaume, wakaandika “kabila”. Lakini picha ya mfugaji mwenye afya na mkulima mnyonge ilibaki, na hata leo utasikia wazee wa Isiolo wakijivunia maziwa kana kwamba ngamia bado amefungwa nyuma ya nyumba.

Hayupo. Na hapa ndipo historia yetu inapouma.

Vita vya Shifta vilianza 1963, uhuru ukiwa bado mbichi. Serikali ilipoamua kuwafungia raia kwenye vijiji vya ulinzi, familia za Waborana wa Isiolo zilisukumwa kambini, Garba Tula, Merti, Modogashe, na mifugo nayo ikalazimika kukaa palepale. Ngamia hawezi kuishi kwa malisho ya hatua 200 kutoka kwenye ua. Wengine walikufa kwa njaa na magonjwa, wengine walichukuliwa, wengine walipigwa risasi. Kufikia makubaliano ya Arusha mwaka wa 1967, watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa walikuwa wakipanga foleni ya unga wa msaada. Akoo, nyanya yangu, hakuwahi kuniambia kuhusu risasi. Alikuwa akisimulia chakula: jinsi mama yake alivyopika posho kwa mara ya kwanza bila kujua maji yanatangulia au unga. Wengi wa waliopoteza mifugo waliishia kandokando ya mji, na mitaa kama huu wetu uliopata jina kutokana na kiwanja cha ndege ilizidi kujaa.

Sasa vuka Mlima Kenya, uende Embu. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa California, akiwemo Profesa Nimrod Bwibo na Dkt. Charlotte Neumann, walikuwa wakifuatilia chakula na ukuaji wa watoto vijijini. Kisha ukaja ukame wa 1984, ule wa mahindi ya njano. Bila kupanga, watafiti wakajikuta na rekodi ya watoto walewale kabla ya njaa na wakati wa njaa. Walichoona ni hiki: watoto wadogo kabisa walikingwa, familia ziliwatengea chakula. Wa umri wa shule ndio walioathirika. Umakini wao darasani ulishuka, na uwanjani wakaacha kukimbia. Hebu fikiria mwalimu wa 1984 aliyewaona wamezubaa na kuwaita wavivu.

Watafiti walirudi 1998 na swali kali zaidi. Shule 12, watoto wa darasa la kwanza zaidi ya 500, githeri kila siku ya shule. Shule tatu ziliongezewa nyama ya kusaga, tatu zikapewa maziwa juu yake, tatu zikaongezewa mafuta tu ili nguvu ya chakula ilingane, na tatu hazikupewa kitu mpaka utafiti uishe. Miaka miwili baadaye, watoto wa nyama waliwapita wote katika mtihani wa kufikiri kwa michoro. Uwanjani walicheza zaidi na kuongoza wenzao. Maziwa yaliwasaidia kurefuka baadhi ya wadogo waliodumaa, lakini katika mtihani ule hayakufua dafu.

Usimwambie mzee wa Kiborana hivyo. Ila sababu inaeleweka: nyama ina chuma na zinki ambazo mwili unazichukua kwa urahisi, na ubongo unahitaji chuma. Maziwa yana chuma kidogo sana. Na chai, tunayokunywa na kila kitu huku, inazuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Anjera na chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi, kisha hesabu saa tatu.

Mpango wa chakula shuleni katika maeneo kame, uliosaidiwa na WFP tangu 1980 na ambao serikali iliuchukua kikamilifu 2018, umewaokoa wengi, sibishani. Mtoto anakuja shule kwa sababu ya sufuria. Lakini sufuria yenyewe ni nafaka, maharagwe, mafuta na chumvi. Ni kundi la tatu la Embu, lile la mafuta, limepikwa kwa miaka zaidi ya 40.

Na sukari je? Mwaka wa 1994 watafiti wa Marekani waliwaambia akina mama kwamba watoto wao wamekunywa kinywaji cha sukari, kumbe hakikuwa na sukari hata chembe. Akina mama wale waliwaona watoto wao watundu kuliko kawaida. Rangi za kutengenezwa ni kisa kingine: utafiti wa Southampton wa 2007 uliona rangi fulani pamoja na sodiamu benzoeti zikiongeza utukutu kidogo kwa watoto wa kawaida, na tangu 2010 Ulaya inadai onyo kwenye pakiti zenye rangi hizo. Barafu za rangi za shilingi tano getini hazina onyo lolote.

Pia kuna watoto ambao umakini wao una shida hata wakishiba. Ile hali madaktari wanayoiita ADHD ipo, na hakuna maini wala mboga ya kuiponya. Kumwambia mzazi wa mtoto huyo “mlishe vizuri tu” ni ukatili wa aina yake.

Mpwa wangu ana miaka tisa, na ndiye aliyenisukuma kusoma haya yote. Hatulii. Dada yangu amesogeza chai hadi saa nne wikendi, anaweka ndimu kwenye maharagwe, na mara moja kwa wiki ananunua maini ya mbuzi. Nilipopendekeza omena alinitazama kama nimetukana ukoo. Mwalimu anasema kijana amechangamka asubuhi, ila mchana bado yuko dirishani. Mwezi ujao tunampeleka kwa daktari. Wakati huohuo, kila alfajiri bodaboda zinapita hapa mtaani na mitungi ya maziwa ya ngamia kuelekea stendi, yapelekwe Eastleigh, manake huko yana bei.