Kufuma, Kusuka na Kufumua: Safari ya Maneno ya Uzi wa Pamba hadi Ngana

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi istilahi za viwanda, mahakama na maabara. Safari hii tumeona ni vyema tuingie nyumbani, tukae mkekani karibu na mwenye uzi wa pamba na sindano yenye ncha iliyopinda, tutazame jinsi kazi yake ilivyopewa jina. Kazi hiyo yajulikana na kila mtu aliyeingia katika sebule ya Kitanzania: vitambaa vyeupe juu ya makochi, kitambaa cha meza, kifuniko cha jagi, kofia ya mtoto mchanga, shali ya bibi, mkoba wa kwendea sokoni. Ukiuliza imefanyika vipi, utajibiwa kwa neno moja tu: imefumwa. Neno hilo moja ndilo lililotusukuma kuandika, kwa sababu limebebeshwa mzigo wa kazi tatu zisizofanana.

Tumechagua kuyatazama maneno haya kutoka Ngana, wilayani Kyela, upande wa Mto Songwe ambao ni mpaka wetu na Malawi. Mpaka huo uliwekwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, na watu wa kando zote mbili, Wanyakyusa na Wangonde, wakajikuta chini ya serikali mbili ilhali lugha yao ilikuwa karibu moja. Kwa mtu anayechunguza msamiati, mahali pa namna hii pana faida kubwa. Kiswahili kimefika hapa kikitoka mashariki, Kichewa kimepanda kutoka kusini, na lugha ya nyumbani ipo katikati ikisikiliza.

Tuanze na neno lenyewe. Kufuma, kwa maana yake kongwe katika Kiswahili cha pwani, ni kazi ya kitanda cha mfumaji. Nyuzi hutandwa kwa urefu, nazo ndizo mtande. Kisha uzi mwingine hupitishwa kwa kukingama, nao ndio mshindio. Kazi hiyo si ngeni wala haikuletwa juzi. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, aliokota vigae vya duara vyenye tundu katikati, vilivyokuwa vizito vya vijiti vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alisimulia juu ya nguo zilizofumwa mjini humo na kupelekwa mpaka Misri. Duarte Barbosa, mwandishi wa Kireno wa mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba watu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa hawakuwa na rangi, walinunua nguo za rangi zilizotoka Cambay huko Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakachanganya nyuzi zake na nyuzi zao nyeupe na kufuma upya.

Tunaomba msomaji aliweke akiba neno hilo kufumua, maana tutalirudia.

Bara nako pamba ilifumwa. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliandika juu ya vitanda vya wafumaji wa Unyamwezi, na Ufipa ilisifika kwa nguo nzito za pamba. Lakini kandokando ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mambo yalikuwa mengine. Wanyakyusa walivaa mbugu, yaani nguo za magome ya miti, na viunoni walijifunga pete za shaba. Ustadi wao wa mikono ulikuwa katika kusuka mikeka na vikapu. Hivyo nguo ya pamba ilipofika ziwani haikukuta kitanda cha mfumaji wala jina lake. Ilifika ikiwa imekamilika, katika majora ya merekani na kaniki. Jina la kwanza, kama tujuavyo, lasema wazi kitambaa kilitoka nchi gani: meli za Salem, katika Massachusetts, zilikuwa zikikileta Unguja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wingi wa merekani na nguo nyingine za viwandani ndio uliowanyima kazi wafumaji wengi wa bara. Hapo neno kufuma likabaki bila kazi yake, na neno lisilo na kazi halikawii kupewa nyingine.

Kazi hiyo nyingine ilitoka Ulaya, na huko kwenyewe haikuwa kongwe. Vielelezo vya mwanzo vinavyojulikana vya ufumaji wa sindano ya kulabu vilichapishwa Uholanzi katika jarida la Pénélopé mwaka 1823. Miaka ishirini na kitu baadaye, wakati wa njaa kuu ya Ireland iliyoanza mwaka 1845, watawa wa kike waliwafundisha wanawake na wasichana maskini kufuma lesi kwa sindano hiyo, na fedha za lesi zikazilisha kaya zilizopoteza viazi vyao. Tunalitaja jambo hili makusudi. Wako wanaodhani kwamba vitambaa vya kochi ni mchezo wa wanawake wenye nafasi, na kwa hiyo havistahili istilahi. Kumbe tangu ujana wake kazi hii imekuwa njia ya mwanamke kupata fedha bila kutoka nyumbani.

Mwaka 1891 wamisheni wa Kijerumani wa madhehebu ya Moraviani na wale wa chama cha Berlin waliingia nchi iliyoitwa na Wajerumani Konde. Wamoraviani walianza Rungwe, na baada ya miaka michache wakashuka Ipyana, katika tambarare ya Kyela ya leo. Palipokuwa na nyumba ya misheni palikuwa na mafunzo ya sindano kwa wasichana. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa Wajerumani, na Waskoti wa Livingstonia wakawaangalia waumini wa Kimoraviani mpaka wenyewe waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo kazi ya kulabu iliweza kufundishwa hapa kwa midomo miwili, wa Kijerumani na wa Kiingereza. Kijerumani kiliita kazi hiyo kwa kitenzi kilichotokana na kulabu. Waingereza nao walikuwa wamekopa neno la Kifaransa crochet, ambalo maana yake ni kulabu ndogo. Zote mbili, basi, ziliita kazi kwa jina la chombo.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kijerumani kilituachia shule na hela, lakini kitenzi chake cha kulabu kilipotea pamoja na waliokitumia. Kroshia, tuliyoipata kupitia Kiingereza, inasikika, hasa kama jina la sindano au la aina ya mshono. Lakini haijakiondoa kitenzi. Walio wengi waliitazama kazi, wakaona uzi unageuka nguo, wakasema: hii ni kufuma. Hawakujali kwamba hakuna mtande wala mshindio.

Je, walikosea? Sisi twaona hawakukosea, ila walituachia deni. Tazama tofauti yenyewe. Katika kufuma kwa kitanda kuna jamii mbili za nyuzi zinazokingamana. Katika kufuma sweta kwa sindano mbili, uzi ni mmoja, lakini vitanzi vingi hukaa wazi kwa pamoja juu ya sindano. Sindano ikichomoka, safu nzima huanguka. Katika kufuma kwa kulabu, kitanzi kilicho wazi kwa kawaida ni kimoja tu, na vingine vyote vimekwisha kufungwa; ndiyo maana mfumaji anaweza kuiweka kazi chini akageuze wali jikoni, akarudi asikute hasara. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake mambo haya matatu kwa Kiswahili anacho kitenzi kimoja, na hapo ndipo wengi hukimbilia Kiingereza.

Upande wa pili wa Songwe, Kichewa kina kuluka, nalo latumika kwa mkeka, kikapu na sweta vilevile. Kwa Mchewa, basi, anayesuka ukindu na anayeshika sindano wamo katika kazi moja. Kiswahili kimezitenga: mkeka na nywele husukwa, sweta na kitambaa hufumwa. Na pwani utengano ni wa makini zaidi, kwani ukili husukwa, kisha vipande vya ukili hushonwa pamoja ndipo uwe mkeka. Kofia ya Unguja yenye vitobo nayo hudariziwa, haifumwi. Kitambaa chake kimekwisha kuwapo kabla sindano haijagusa, ilhali kofia ya kufuma huanza na uzi mtupu. Mwenye kuchanganya mawili hayo katika kamusi amewaonea mafundi wa pande zote mbili.

Lakini utengano huu una mlango wa nyuma, nao ndio kufumua. Nywele husukwa, ila kuzifungua huitwa kufumua. Mshono wa suruali hushonwa, na fundi akiukataa huufumua, ingawa lugha inayo shonoa. Sweta hufumwa na hufumuliwa. Hata uongozi wa chama siku hizi hufumuliwa ili upangwe upya! Hivyo katika kutenda kila kazi ina kitenzi chake, na katika kutendua zote hukutana mahali pamoja. Hatujui jozi nyingine nyingi za namna hii katika Kiswahili, na twawasihi wanaisimu vijana wasiipite.

Kufumua kulipata uzito wake halisi katika miaka ya dhiki. Baada ya uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962, ulirithi kazi ya vilabu vya wanawake vilivyokuwako wakati wa Waingereza, na ushonaji na ufumaji ulikuwa miongoni mwa mafunzo ya vilabu hivyo. Shuleni somo lililobeba kazi hizi liliitwa sayansi kimu, istilahi iliyoundwa kutokana na kukimu, yaani kutimiza mahitaji. Ni istilahi nzuri, na hatukufurahi kuiona ikififia mitaala ilipobadilishwa. Kiwanda cha Urafiki kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, vikafuata vingine vya Mwanza, Musoma na Mbeya, na nchi ikatarajia kujivika. Lakini baada ya vita na Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa za nguo zilikuwa haba, na uzi wa dukani ukawa kitu cha kubahatisha. Mwenye sweta kuukuu alilifumua, akauosha uzi, akaukunja na kuufuma upya. Alikuwa akifanya kile Barbosa alichokiandika juu ya watu wa Sofala karne nne na nusu kabla yake. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, mitumba iliingia kwa wingi (wazee waliiita kafa ulaya, jina lenye kejeli kuliko hili la sasa), na vazi la mtumba likawa pia ghala la uzi.

Kyela ina sababu yake ya kushikilia pamba. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na tambarare ya mpunga na kakao ina joto na mvua nyingi, ilhali Tukuyu, mwendo wa saa chache kupanda, sufu inatakiwa. Sweta la sufu Ngana ni adhabu. Uzi wa pamba hunyonya jasho, huvumilia kufuliwa mara kwa mara, na kitambaa chake kikitiwa wanga husimama kingo zake bila kulegea. Na chombo ni rahisi: spoki ya baiskeli au ubavu wa mwavuli, ukisuguliwa juu ya jiwe na kuchongwa ncha, hutosha kuwa sindano.

Sasa tufikie pendekezo letu. Hatuoni haja ya kumnyang'anya mwananchi kitenzi chake. Kufuma kuwe jina la ukoo, na chombo kitofautishe ndugu: kufuma kwa kitanda, kufuma kwa sindano mbili, kufuma kwa kulabu. Kulabu lilitujia zamani kutoka Kiarabu, linaeleweka pwani na bara, na linasema lile lile lisemwalo na Kifaransa. Kroshia iachwe kwa wanaoipenda, pasipo kulazimishwa. Kwa sehemu za kazi yenyewe, maneno tunayo. Kitanzi ni uzi uliozunguka kulabu. Mnyororo ni vitanzi vinavyofuatana, kila kimoja kikitolewa ndani ya kilichotangulia, nao ndio msingi wa kila kitambaa. Safu ni mstari wa kwenda na kurudi. Duru ni mzunguko, kama wa kofia au kitambaa cha jagi. Panapopitishwa kulabu pawe tundu. Ama mishono inayosimama juu ya mnyororo, tungependa iitwe nguzo: nguzo fupi, ambapo uzi huvutwa tunduni na kupitishwa mara moja katika vitanzi viwili, na nguzo ndefu, ambapo uzi huzungushwa kwanza juu ya kulabu, kisha vitanzi hufungwa viwili viwili. Wapo watakaopendelea mti au kijiti badala ya nguzo. Neno nguzo limetuvutia kwa kuwa nguzo ndefu zikipangwa kwa nafasi huacha madirisha katikati yake, na neno dirisha linafaa kabisa kwa uwazi huo.

Majaribio ya kwanza ya maneno haya yafanyike kwa wafumaji wenyewe, Kyela na kwingineko, kabla hayajafika katika kikao chochote cha usanifishaji. Mfumaji akisomewa maelezo ya kofia ya mtoto, duru kwa duru, naye akaweza kuifuma pasipo kuuliza na pasipo kufumua, tutakuwa tumepata istilahi. Akisita mahali, palipomsitisha ndipo pa kurekebishwa.