Sentimita Mbili za Juu: Upasuaji wa Aneurisimu ya Karotidi Chini ya Fuvu

Aneurisimu ya karotidi, yaani uvimbe wa ukuta wa ateri ya shingo inayolisha ubongo, iliyo nje ya fuvu ni ugonjwa wa nadra, na hatari yake kubwa si kupasuka. Ndani ya uvimbe damu huzunguka taratibu na kuganda, kisha vipande vya damu hiyo huchukuliwa hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Uvimbe ukiwa katikati ya shingo, matibabu yake yamezoeleka: huondolewa, na ateri huungwa kwa kipande cha vena ya safena kutoka mguuni. Ukiwa juu, pale ateri inapokaribia kuingia kwenye mfupa, njia ya kuufikia huweza kumdhuru mgonjwa kuliko tiba yenyewe. Hoja yangu ni kwamba madhara ya njia hiyo hayajapewa uzito unaostahili, na kwamba hata hivyo ujuzi wa upasuaji huu hatuwezi kuuacha ufe.

Astley Cooper wa London aliikwepa njia hiyo kwa kuifunga ateri chini ya uvimbe. Mgonjwa wake wa 1805 alifariki. Wa 1808 aliishi miaka 13 zaidi. Lakini anayefungiwa karotidi hutegemea mduara wa Willis, yaani ateri zinazoungana chini ya ubongo, kulisha upande ule wa ubongo, na kwa watu wengi mduara huo haujakamilika. Leo ateri huzibwa kwanza kwa puto kwa muda mfupi, mgonjwa akiwa macho, ili kupima kama ubongo utavumilia. Hata aliyefaulu kipimo hicho anaweza kupata kiharusi baadaye. Ndiyo maana kuiunga upya ateri ni bora kila inapowezekana.

Tatizo ni nafasi. Chora mstari kutoka ncha ya mfupa wa mastoidi, nyuma ya sikio, hadi pembe ya taya. Juu ya mstari huo ateri imefunikwa na taya, tezi ya parotidi na mfupa mwembamba wa stiloidi, na kando yake hushuka neva za fuvu za 9, 10, 11 na 12. Mpira wa kupumulia ukipitishwa puani badala ya mdomoni, mdomo hufungika na nyuma ya taya hupatikana nafasi zaidi. Msuli wa digastriki ukikatwa, stiloidi ikaondolewa na taya ikavutwa mbele, hupatikana sentimita moja au mbili zaidi. Pasipotosha, ipo njia ya Ugo Fisch wa Zurich: kuchimba mfupa wa sikio, kuhamisha neva ya uso na kuziba kabisa tundu la sikio. Ateri hufikiwa hadi ndani ya mfupa, na usikivu wa sikio hilo hupungua daima.

Taarifa nyingi za upasuaji huu huhesabu vifo na viharusi, kisha hutaja udhaifu wa neva kuwa ni wa muda. Sikubaliani na uzito huo mdogo. Neva ya 9 na ya 10 zikidhurika pamoja, mgonjwa hupoteza sauti na maji humwendea mapafuni kila anapokunywa. Kwa mzee, miezi mitatu ya hali hiyo inatosha kuleta nimonia ya kuua. Uwezo wa kumeza upimwe kabla na baada ya upasuaji, na utangazwe sambamba na viharusi.

Je, stenti, bomba la chuma linaloingizwa ndani ya ateri, haijamaliza mjadala? Kwa wengi imeusogeza mbali, nami ningeanza nayo pale ateri iliponyooka na pasipo na maambukizi. Lakini stenti hudai dawa za kuzuia damu kuganda kwa muda mrefu, bila kukatiza, na ni chuma kigeni kisichofaa kuachwa ndani ya usaha. Kusini mwa Afrika, madaktari wa Durban na Zimbabwe wameeleza aneurisimu za vijana wenye VVU, karotidi ikiwa miongoni mwa ateri zinazoathirika zaidi. Kijana wa namna hiyo, uvimbe wake ukiwa na bakteria, bado anahitaji kisu, vena na antibiotiki.

Basi kazi hii ikusanywe katika hospitali chache ambako daktari wa mishipa ya damu, wa masikio na koo, na wa ubongo huingia chumba kimoja cha upasuaji. Naye daktari wa wilaya, kwa kuwa aneurisimu ya juu huweza kujitokeza kooni kama jipu, apewe agizo moja lisilo na gharama: uvimbe nyuma ya tonsili usitobolewe kama jipu kabla ya kupapaswa na kuthibitishwa kwamba haudundi, na unaodunda upigwe picha kwanza.