Mwitikio wa ubongo usingizini
Mwitikio wa ubongo usingizini ni namna ubongo wa mtu aliyelala unavyopokea na kujibu vichocheo vya milango ya fahamu, hasa sauti. Sikio halifungwi usingizini, ila thalamasi, yaani sehemu ya ndani ya ubongo inayopitisha taarifa za hisi, hupunguza zile zinazofika kwenye gamba la ubongo. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa Marekani na Alfred Loomis na wenzake katika miaka ya 1930 vilionyesha kuwa sauti huweza kuzusha wimbi moja kubwa, liitwalo changamano la K, pasipo kumwamsha aliyelala. Baadaye ilibainika kuwa jina la aliyelala mwenyewe humchochea zaidi kuliko majina mengine.

Swali la nani yuko tayari kuitikia vichocheo vya usiku limeangaliwa pia katika kundi zima la watu. Nchini Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe 33 wa eneo la Ziwa Eyasi ulionyesha kwamba katika siku 20 wote walikuwa usingizini kwa pamoja kwa dakika 18 tu, hali ambayo watafiti waliihusisha na tofauti za umri na kuifasiri kuwa ulinzi wa usiku usiopangwa. Fasiri hiyo ina mvuto, lakini inabaki dhana, kwa kuwa kilichopimwa ni mienendo ya mwili kwa kifaa kinachovaliwa mkononi, si ubongo wenyewe.