Kumbukumbu ya Shaaban Robert: Mtu wa Nyumba, Dini, Jembe na Kalamu



Chama cha kusaidiana huwakumbuka wafu wake kwa sanda, kwa mchango na kwa dua. Katika taarifa hii twapenda kumkumbuka mtu asiyekuwa mwanachama wetu, lakini ambaye maisha yake yalifanana na ya wengi wetu. Aliishi kwa mshahara, akalea watoto, akashika dini yake, na saa zilizobaki akazitia katika kazi aliyoipenda. Mtu huyo ni Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akaingia ukarani wa forodha, kazi aliyoifanya mpaka 1944. Baadaye alihamishiwa Idara ya Wanyama. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 hata 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji. Jumla ni miaka 34 ya kuitumikia serikali. Vitabu vyake vyote, basi, isipokuwa vya miaka ya mwisho, viliandikwa na mtu aliyekuwa na mkubwa wa kazi na saa ya kufika kazini.

Nyumba yake ndiyo iliyokuwa chemchemi ya kalamu yake. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi linaloitwa kwa jina lake. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, ili kuwafunza dini, adabu na mwenendo mwema. Wazazi wengi huwaachia watoto shamba au nyumba; yeye aliona ya kwamba nasaha nayo ni urithi, na haigombaniwi.

Alikuwa Mwislamu, na imani yake haikumfungia mlango wa watu wengine. Katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa 1951, alisimulia habari za nchi iliyowatia gerezani wajumbe wake kwa kuwa waliiletea mashauri mema. Msomaji wa dini yoyote aweza kuelewa hapo ya kwamba haki ni amana ya Mungu kwa watawala na watawaliwa.

Tena alilisifu jembe. Katika Utubora Mkulima, kijana anaacha kazi nzuri ya mshahara akaenda kulima kijijini, akapata huko utulivu wa moyo. Hili si jambo dogo. Zama zile kushika kalamu ofisini kulikuwa ndiyo heshima, na wengi waliona haya kushika jembe. Aliyesema kinyume alikuwa karani mwenyewe, si mtu aliyekosa ukarani akaudharau.

Alifariki Juni 1962. Lakini Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilipigwa chapa 1967, na Utubora Mkulima 1968. Kama karatasi hizo zingalichomwa au kuachwa zikaliwa na mchwa baada ya matanga, shule zetu za Kenya na Tanzania zingalikosa mali kubwa, wala hakuna ambaye angalijua imepotea.

Hapa ndipo tunapowaomba wanachama. Miongoni mwa wazee wetu wamo watunzi wa nyimbo za ibada, wachongaji, wafumaji wa mikeka, na wenye bustani ambao wanajua mti upi hupandwa majira gani. Wanapofariki, twajitahidi kununua jeneza au sanda, na kumsitiri mjane. Hayo ni wajibu, na tuendelee nayo. Lakini kabla sanduku la marehemu halijagawanywa, tuulize pia: je, mna daftari lolote? Na aliye hai asingoje kustaafu ndipo aanze kuandika. Karani wa Tanga hakungoja.

Mungu amrehemu, nasi atujalie kuhifadhi tulichoachiwa.