Ofisa mwanagenzi: jina la anayeanza kazi Benki Kuu

Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, ni mji wa reli na pamba. Vijana wake wapo wanaomaliza vyuo wakiwa na shahada za uchumi, takwimu, uhasibu au sheria, kisha wanaanza kusaka ajira. Katika matangazo ya kazi za benki wanakutana na maneno ya Kiingereza, graduate trainee, yakiwa yameachwa hivyo hivyo kama vile kila msomaji anayajua. Jina linalofaa kwa Kiswahili lazima liseme mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu huyu ameshaajiriwa, na kwamba bado anafundishwa kazi.

Tuanze na kazi yenyewe. Benki Kuu haimkopeshi mkulima wala haimfungulii mwalimu akaunti ya mshahara. Ni benki ya serikali na benki ya mabenki. Inatoa noti na sarafu, inasimamia benki za biashara, inaangalia mifumo ya malipo na inalinda thamani ya shilingi. Benki Kuu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na kufunguliwa tarehe 14 Juni 1966, ikarithi kazi iliyokuwa ikifanywa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, alikuwa na umri wa miaka 33. Nchi changa ililazimika kuwafundisha watu wake kazi ambayo karibu hakuna aliyewahi kuifanya nyumbani.

Haja hiyo ipo hadi leo. Chuo kikuu kitakufundisha mfumuko wa bei ni nini na unapimwaje. Hakitakuketisha mbele ya vitabu vya benki halisi utafute mkopo mbovu uliofichwa, wala hakitakukabidhi siri ya riba ambayo haijatangazwa. Mambo hayo hujifunzwa ndani, chini ya mtu anayeyajua.

Kiswahili kina majina kadhaa ya watu walio kati ya darasa na kazi, na kila jina lina mahali pake. Mwanafunzi ambaye hajahitimu huenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kisha anarudi chuoni kuandika ripoti. Tarajali tunamjua zaidi hospitalini: daktari tarajali amemaliza masomo na anafanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili. Lakini utarajali una mwisho wake, na taasisi iliyompokea mtu haijamwahidi ajira. Aliye katika kipindi cha majaribio, kwa upande mwingine, ameshapata cheo na dawati lake, anasubiri kuthibitishwa kazini. Huyo anapimwa kama anaiweza kazi, si lazima awe anafundishwa.

Mwanagenzi ni yule anayejifunza kazi kwa kuifanya, pembeni ya aliyebobea. Wengi tumezoea kulisikia neno hili kwa vijana wa useremala, ushonaji na umakanika, na wapo watakaoona halimfai mwenye shahada. Mimi naona linamfaa sawasawa. Linambana mwajiri kuliko linavyombana kijana, kwa sababu bila fundi hakuna mwanagenzi. Taasisi inayomwita mtu mwanagenzi imekiri kwamba ina wajibu wa kumpa mtu wa kumfundisha.

Kinachobaki ni upande wa ajira, na hapo jeshi limetutangulia. Kijana anayefundishwa uongozi wa kijeshi Monduli huitwa ofisa mwanafunzi: ameshaingia jeshini, ila hajatunukiwa kamisheni. Afrika Kusini, Benki Kuu yao imefuata fikra hiyo hiyo, maana wahitimu inaowachukua kuwafundisha inawaita kwa jina linalotumika pia kwa makuruta wa uofisa. Kwa mfano huo, napendekeza ofisa mwanagenzi. Ofisa linatuambia yumo kwenye orodha ya mishahara. Mwanagenzi linatuambia yumo mikononi mwa mwalimu.

Jina hilo linaonekana vizuri tukilifuata hadi kwenye pamba, zao ambalo Simiyu inaongoza kulilima Tanzania. Msimu ukifunguliwa, mkulima hulipwa kwa noti au kwa simu. Noti zile huzunguka minadani na madukani hadi zinachakaa, na mwisho hurudishwa benki, kisha Benki Kuu. Ofisa mwanagenzi akipangiwa upande wa sarafu katika tawi la Mwanza, ataona zikihesabiwa na kuchambuliwa: zinazofaa zirudi sokoni, chakavu ziharibiwe, bandia zizuiwe. Atajifunza pia kwa nini chumba cha hazina hakifunguliwi na mtu mmoja peke yake.

Akihamishiwa utafiti wa uchumi, pamba ile ile itamjia kwa sura nyingine: bei ya kilo, mapato ya mauzo ya nje, fedha za kigeni. Takwimu za aina hiyo hufika kwenye Kamati ya Sera ya Fedha, ambayo tangu Januari 2024 huongoza sera kwa kutangaza Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, na Aprili mwaka huo ikapandishwa kuwa asilimia 6. Kabla ya kuanza kwa riba hiyo, sera iliegemea kiasi cha fedha kilichomo kwenye uchumi. Mabadiliko makubwa namna hiyo hayaeleweki kwa kusoma waraka tu. Yanataka mtu akae na wanaofanya hesabu zake.

Kuhamishwa huko ndiko moyo wa uanagenzi. Benki Kuu ya Ulaya, iliyoko Frankfurt, huwapa wahitimu wake miaka miwili na kuwapitisha katika vitengo mbalimbali. Kwetu, nafasi za Benki Kuu hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hupita usaili wa mchujo kabla ya mahojiano. Benki Kuu pia ina chuo chake Capri Point, Mwanza, jirani kabisa na watu wa Simiyu.

Kwa hiyo kijana wa Malampaka akiona tangazo la uanagenzi, liwe la Benki Kuu au la benki ya biashara, aulize bila woga: mkataba ni wa muda gani? Nani atanifundisha? Nitapitia vitengo vingapi? Nikifuzu, kuna nafasi? Mwajiri asiye na majibu anatafuta kibarua, na tangazo lake liseme hivyo.

Ofisa mwanagenzi, wingi maofisa wanagenzi: mhitimu wa chuo aliyeajiriwa kwa mkataba na mshahara ili afundishwe kazi ya taasisi kwa kuzungushwa katika vitengo vyake, chini ya msimamizi anayejulikana, kwa muda uliowekwa, kabla ya kukabidhiwa cheo kamili. Watunzi wa matangazo walitumie, na wahitimu wawadai maana yake yote.